Nakala Moja ni Yako

(Maneno yaliyotolewa na mwanasheria ambaye pia ni mwimbaji wa besi katika kwaya yetu, kwenye semina ya wanakwaya ya matayarisho ya yubile. Yamechapwa hapa kwa ombi la kamati.)



 Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na akanionya kwamba mwanasheria akipewa dakika ishirini huchukua saa nzima. Nitajitahidi.

Niliombwa kuzungumza juu ya lile jambo lililoleta kelele katika kikao cha kamati. Tumerekodi nyimbo kumi na mbili za yubile. Zitauzwa kwenye CD kwa wazee wetu ambao bado wana mashine za CD, na kwenye flashi kwa wengine wote. Jalada liko kwa mchapishaji, linangoja maneno machache ya upande wa nyuma. Mweka hazina anataka tuandike kwa herufi kubwa kwamba kunakili ni marufuku kabisa, kwa sababu anajua deni la studio ni kiasi gani. Vijana wanataka tuandike kwamba kila mtu asambaze awezavyo, kwa sababu Injili haiuzwi. Pande zote mbili zilinigeukia na kuniuliza sheria inasema nini. Sheria ya Kenya haimuungi mkono mweka hazina, wala haiwaungi mkono vijana. Hebu niwaeleze.

Tuanze hapa hapa Kenyatta Market. Ukinunua kilo ya nyama choma pale ndani, ni yako. Unaweza kuila peke yako au kumgawia jirani, na ukimtupia mbwa mfupa hakuna atakayekuuliza. Lakini kila kipande unachompa jirani kinapunguza sahani yako. Fundi aliyetushonea majoho haya naye akiuza joho, joho hilo halipo tena kwenye kibanda chake. Wimbo hauko hivyo. Nikikutumia wimbo kwa WhatsApp, wewe unao na mimi bado ninao. Ukimtumia dada yako aliye Kitale tumekuwa watatu, na hakuna kati yetu aliyepungukiwa. Aliyepungukiwa ni mtu ambaye hayumo katika simu zetu: mtunzi aliyekesha na wimbo huo, au kwaya iliyolipa studio.

Kwa hivyo sheria ya hakimiliki haishughuliki na ile CD. CD ni plastiki. Ukiinunua ni yako, mpe mtu zawadi, warithishe watoto, itundike shambani ifukuze ndege. Sheria inashughulika na haki ya kutengeneza nyingine kama hiyo.

Sheria tunayoitumia ilipitishwa mwaka 2001 na kuanza kufanya kazi Februari 2003, ikichukua mahali pa ile ya 1966. Imerekebishwa mara kadhaa, na marekebisho makubwa ni ya 2019. Msimamizi wake ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ile tunayoiita KECOBO. Kabla hatujaingia ndani, kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalitenganishi, na wasipolitenganisha mambo mengine yote yanachanganyika. Katika CD moja mna haki za watu zaidi ya mmoja. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na muziki, ambao ni wa mtunzi. Halafu kuna rekodi, yaani zile sauti zilivyonaswa siku ile studioni, na hiyo ni ya yule aliyepanga na kugharimia kurekodi. Kwa kazi yetu hii, mwenye rekodi ni kwaya. Tena kuna haki za waimbaji na wapigaji vyombo kwa uimbaji wao. Ndiyo maana nchini kuna vyama mbalimbali vya kukusanya mirabaha: MCSK, kilichoanza mwaka 1983, kwa ajili ya watunzi, KAMP kwa wenye rekodi, PRISK kwa waimbaji na wachezaji. Mkisikia vyama hivi vinagombana, na mtasikia, angalau sasa mnajua kila mmoja anadai kwa niaba ya nani.

Sasa lile swali lenyewe. Mtu amenunua CD yetu kwa pesa yake. Je, anaruhusiwa kuinakili?

Ndiyo. Kifungu cha 28 cha sheria yetu, kinachohusu rekodi za sauti, kinasema kwamba haki za mwenye rekodi haziondoi haki ya mtu mwingine kutengeneza nakala moja ya rekodi hiyo kwa matumizi yake binafsi ya faragha. Nakala moja, kwa ajili yake mwenyewe. Kwa hiyo, ndugu mweka hazina, tukiandika "kunakili ni marufuku kabisa" tutakuwa tunamwambia mnunuzi jambo ambalo si kweli. Tutakuwa tunamnyima kwa maneno ya jalada kitu ambacho Bunge limempa.

Nilipowaambia baadhi yenu haya wiki iliyopita, mlishangaa. Mmezoea kuona onyo kali nyuma ya kila kanda na kila CD, na onyo lile halisemi chochote juu ya nakala moja. Waandishi wa maonyo huandika haki zao. Haki zako hawana haja ya kuzitangaza.

Ruhusa hii ilitoka wapi? Ilitokana na kushindwa, na kisa chake kinachekesha kidogo. Baada ya Vita vya Pili, mashine za kurekodia sauti zilianza kuuzwa kwa watu wa kawaida kule Ujerumani. Watu wakaanza kunasa muziki nyumbani. Chama cha watunzi cha huko, GEMA, kilikwenda mahakamani, na mwaka 1955 mahakama kuu ikakubaliana nacho kwamba hata kunakili nyumbani kunagusa haki ya mtunzi. Basi GEMA wakawa wameshinda kesi, lakini ushindi huo wangeutekelezaje? Wakajaribu kutaka wauza mashine waandike vitambulisho vya kila mnunuzi, ili wajue nani ana mashine nyumbani. Mwaka 1964 mahakama ikakataa. Mlango wa nyumba ya mtu ni mlango wake, na huwezi kumfuata chumbani kuangalia anachokinasa. Mwaka uliofuata Bunge lao likapata njia ya tatu. Mtu anakili nyumbani kwa amani, lakini kiwanda kinachotengeneza mashine kinalipa tozo ndogo, na tozo hiyo inakwenda kwa watunzi. Mnunuzi anailipa bila kujua, ndani ya bei ya mashine.

Hebu fikirieni mambo hayo hapa kwetu. Nani kati yenu angependa ofisa abishe mlango Ngumo au Kibera saa mbili usiku aulize, "Hiyo ngoma kwenye simu yako, risiti iko wapi?" Hakuna. Na hata mtunzi mwenyewe hataki hilo, kwa sababu anayebishiwa mlango ndiye mnunuzi wake, na yule asiyenunua hana hata risiti ya kuulizwa.

Ndiyo maana kifungu chetu cha 28 hakiishii kwenye nakala moja. Kinaendelea kusema kwamba kwa ajili ya nakala hiyo mwenye rekodi anastahili fidia ya haki, nayo ni tozo kwenye vifaa vya kurekodia na kanda tupu na vitu vingine vya kunasia sauti, inayolipwa na mtengenezaji au mwagizaji wa bidhaa hizo nchini. Mmesikia neno hilo, "kanda tupu"? Kaseti ilianzishwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Wakubwa wenu hapa wanakumbuka kaseti ya dakika sitini na ya dakika tisini, na jinsi ulivyovunja vile vijino viwili vya juu ili mtoto asije akafuta Misa ya Pasaka. Wanakumbuka pia River Road, ambako kanda zilidurufiwa mchana na usiku, nyingine kwa haki na nyingine kwa wizi, kiasi kwamba mwanamuziki alisikia wimbo wake kila matatu na mfukoni hana nauli. Sheria iliandikwa na watu waliokuwa na picha hiyo kichwani.

Lakini nakala niliruhusiwa, fidia je? Hapo ndipo penye uchungu. Kwa miaka mingi tozo hiyo ilibaki kwenye karatasi. Flashi na simu ziliingia nchini kwa makontena, watu wakanakili, na mtunzi hakuona ile senti aliyoahidiwa na kifungu kilekile kilichomruhusu mnunuzi. Maoni yangu ni kwamba wanamuziki wetu wamepoteza nguvu nyingi wakiwafukuza watu wa vibanda, huku ahadi hii iliyoandikwa wazi ikiwapita.

Msidhani jambo hili ni la nchi changa tu. Uingereza, walikotoka wale walioleta sheria zetu za kwanza, hawakuwa na ruhusa hii kabisa. Waliiweka Oktoba 2014, wakisema mtu aweza kuhamisha CD yake kwenye simu yake, ila hawakuweka fidia yoyote. Vyama vya wanamuziki vikaenda Mahakama Kuu, na Julai 2015 ruhusa hiyo ikafutwa. Kwa hiyo ukiwa London na CD yako uliyoilipia, ukaihamisha kwenye simu yako mwenyewe, kwa barua ya sheria umekosea. Ukiwa hapa Kenyatta Market hukukosea. Si mara nyingi tunawashinda.

Turudi kwenye neno "moja". Nakala moja ni ipi? Mtu mwenye kaseti alikuwa na ile ya nyumbani, akatengeneza nyingine ya gari, basi. Leo mtu ana simu, ana kompyuta ya kazini, ana flashi ya gari, na simu yenyewe inajihifadhia nakala mtandaoni usiku akiwa amelala. Tukihesabu kwa kidole, huyo ana nakala nne na sheria imempa moja. Sijui mwenye rekodi yeyote mwenye akili timamu ambaye angempeleka mahakamani, lakini mimi sipendi kuishi kwa kutegemea kwamba hakuna atakayeniona. Nitarudi hapa, kwa sababu sisi kama wenye rekodi tunaweza kulitatua hili bila kungoja Bunge.

Na neno "binafsi"? Ukisikiliza nyumbani na mume wako na watoto, hiyo ni faragha yako. Kundi la WhatsApp la jumuiya yenye watu sitini si faragha, hata kama wote ni ndugu katika Kristo na mnasali pamoja kila Alhamisi. Unapobonyeza kutuma, hujatengeneza nakala yako; umetengeneza nakala sitini za watu wengine, na kila mmoja ana kundi lake la ukoo, la chama na la darasa la zamani. Kupakia YouTube ndiyo mbali zaidi. Nimeona watu wakiweka wimbo wa kwaya nyingine na picha ya maua, wakiandika chini kwamba hawadai hakimiliki. Maneno hayo hayana kazi yoyote. Ni kama kuchukua pikipiki ya mtu na kuandika kwenye tangi kwamba hudai kuwa ni yako.

Sasa kibanda. Mnavijua vile vibanda vya filamu na nyimbo, unampa kijana flashi yako na pesa kidogo, anakujazia. Hapo hamna mjadala, anatengeneza nakala za kuuza, na kwa hilo sheria ina adhabu ya faini na kifungo. Lakini mama mmoja wa sauti ya pili aliniuliza swali zuri zaidi. Alisema, "Wakili, mimi nina CD yangu halali na sina kompyuta. Nikimpelekea kijana anihamishie kwenye flashi, nimekosa?" Sheria haijibu swali hilo kwa maneno yake. Jibu langu ni kwamba nakala ni yako, na kijana ni mkono wako tu, kama vile fundi anavyokupunguzia joho lako. Ugumu ni kwamba mkono huo una kumbukumbu. Akiingiza CD yako kwenye kompyuta yake, wimbo unabaki humo, na jioni anamuuzia mwingine. Kuna kibanda kimoja, sitakitaja wala si cha hapa sokoni, ambacho kilikuwa kinauza nyimbo zetu za kanda iliyopita kabla sisi wenyewe hatujamaliza kuuza katoni ya kwanza. Walizipata hivyo hivyo, kwa mteja mwema aliyetaka flashi ya gari. Kwa hiyo mama, simama hapo kaunta, na akimaliza mwombe afute mbele yako. Hapa kanisani kuna vijana wenye kompyuta watakaokufanyia bure, tuwatumie.

Na nyimbo zinazosikilizwa kwenye Boomplay au Spotify? Nitapita haraka. Huko hujanunua wimbo, umenunua ruhusa ya kusikiliza. Ukipakua ndani ya programu, unafungwa humo, na sheria haipendi mtu avunje kufuli hizo. Kwa wanaouliza juu ya kunakili kutoka kwenye nakala ya wizi, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba ruhusa ya nakala binafsi haifuniki chanzo haramu. Uamuzi huo hautufungi sisi, lakini nadhani jaji wetu angeusoma kwa makini.

Nimesema sana juu ya watu wa nje wanaonakili nyimbo zetu. Sasa naomba tufungue mafaili yetu. Mkiruhusu, mwalimu.

Katika faili hizi mna noti za nyimbo karibu mia tatu. Utaratibu mnaujua. Mwalimu anapata kitabu cha mtunzi fulani, kimoja, anakipeleka kwa mashine kule barabarani, na kesho yake jioni kuna fotokopi arobaini na tano, moja kwa kila mwimbaji. Wale wa zamani zaidi waliandika solfa kwenye karatasi kubwa ya manila wakaibandika ukutani. Mbele ya sheria mkono na mashine ni mamoja, zote ni nakala. Je, ile ruhusa ya nakala moja inatusaidia hapa? Haitusaidii. Kile kifungu nilichokisoma kinahusu rekodi za sauti. Kwa muziki ulioandikwa, sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya mambo kama utafiti, uhakiki na matumizi ya faragha. Mimi nikinakili ukurasa mmoja wa besi nifanyie mazoezi nyumbani, naweza kujitetea. Kwaya ya watu arobaini na tano inayoimba Misa ya saa nne mbele ya parokia nzima haiwezi kusema iko faraghani.

Naomba msilichukulie hili kama jambo dogo la karatasi. Watunzi wa nyimbo za Misa za Kiswahili, wa kwetu na wa Tanzania, wengi ni walimu wa shule, makatekista, watu wa mshahara mdogo. Mtunzi akichapa kitabu, wanunuzi wake ni kwaya. Hakuna mtu mwingine anayenunua solfa. Kila kwaya ikinunua kimoja na kudurufu arobaini na tano, kitabu cha pili hakitachapwa. Sisi tunaolalamika kwamba nyimbo mpya nzuri za Kwaresima zimekuwa chache, tumechangia.

Njia zipo. Kuna watunzi walioamua wenyewe kuweka noti zao bure kwa kwaya, kama wale wanaozipakia kwenye tovuti ya Swahili Music Notes. Hapo pakua, piga fotokopi ya kuimbia na umshukuru Mungu, ila kumbuka amekupa noti za kuimba, hakukupa wimbo. Ukitaka kuurekodi na kuuuza, mtafute. Kuna chama kinachoitwa KOPIKEN kinachotoa leseni za kupiga fotokopi nchini. Na kuna njia rahisi kuliko zote, simu. Namba ya mtunzi mara nyingi iko chini ya ukurasa. Mpigie, mwambie sisi ni kwaya fulani, tuko arobaini na tano, tutakutumia kitu kwa M-Pesa, uturuhusu tudurufu. Andika jibu lake, lihifadhi kwenye faili.

Nyimbo za kale je? Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Handel alifariki mwaka 1759 na Bach mwaka 1750, kwa hiyo Haleluya yetu ya siku ya kilele haina deni kwa mtu. Hata hivyo mwalimu aangalie maneno ya Kiswahili yaliwekwa na nani, kwa sababu tafsiri ina mwenyewe, na huyo huenda yu hai. Na jina! Nimepitia vitabu vyetu vya sherehe vya miaka iliyopita, na wimbo baada ya wimbo umechapwa bila jina la mtunzi, kana kwamba uliota wenyewe. Kutambuliwa ni haki ya mtunzi hata akiwa ameuza haki zake nyingine zote. Kuandika jina hakugharimu shilingi.

Sasa naingia kwenye jambo ambalo ni zito kwangu. Kati ya nyimbo zetu kumi na mbili, nne zilitungwa na mwalimu wetu wa kwanza, yule aliyeanzisha kwaya hii tukiwa watu kumi na mmoja chini ya mabati. Alitangulia mbele ya haki mwaka 2011. Mama yuko hapa, ameketi pale nyuma, na nimeomba ruhusa yake kabla ya kusema haya. Mwalimu hakuwahi kutuandikia karatasi, nasi hatukuwahi kumwomba. Alituachia tuimbe, na kwa kuimba sheria inakubali ruhusa ya mdomo, hata ile inayoonekana kwa matendo tu. Lakini kurekodi na kuuza ni hatua nyingine, na haki zake sasa ni za warithi wake mpaka mwisho wa mwaka 2061. Hatuwezi kuwaambia watu wa nje wasidurufu jasho letu wakati nyimbo nne kati ya hizi tumezichukua kwa mazoea. Napendekeza kamati iende kwa Mama na watoto rasmi, kwa barua, ikiwa na kiasi kilichotajwa kwa kila nakala itakayouzwa. Kiasi hicho kitoke juu, kabla ya deni la studio. Wakikubali, wote tutie sahihi. Na kama familia itasema wimbo mmojawapo usiuzwe, uondoke, hata kama jalada limeshachorwa. Vilevile kila mwimbaji aliyeingia studioni atie sahihi fomu ya ridhaa, ili mtu akihamia kwaya nyingine mwaka ujao tusianze kutafutana.

Nimalizie na jalada. Mwenye haki anaweza kutoa ruhusa pana kuliko ile ya sheria. Sheria imempa mnunuzi nakala moja. Sisi tunaweza kumpa tatu au nne, na hivyo kumtoa katika ile hesabu ya vidole niliyoisema. Kwa upande wa vijana, Injili haiuzwi, kweli, lakini studio inauza. Wala si lazima tutoe nyimbo zote kumi na mbili ili tuhubiri. Tuchague mmoja, na mimi ningechagua wimbo wa yubile wenyewe kwa kuwa mtunzi wake ni mwalimu wetu wa sasa na amekubali mbele yangu. Huo tuutoe bure kabisa, utumwe kila kundi, upakiwe kila mahali, na mwisho wake iwepo namba ya kununulia mingine.

Maneno ninayopendekeza ni haya: "Asante kwa kununua. Nyimbo hizi ziweke kwenye simu yako, kwenye gari lako na kwenye redio ya nyumbani, wewe na watu wa nyumba yako msikilize. Tafadhali usizitume kwenye makundi, usizipakie mtandaoni, wala usimpe mtu azidurufu za kuuza. Wimbo wa yubile peke yake ni wa kusambaza bure. Rafiki akiuliza habari za mingine, mpe namba yetu." Chini yake yawepo majina ya watunzi wote, kila mmoja na wimbo wake.

Mwenyekiti, sheria pia inataka rekodi zinazouzwa ziwe na alama ya uthibitisho ya KECOBO, kwa hiyo ombi hilo lipelekwe mapema, si wiki ya sherehe. Mchapishaji anataka maneno ya jalada Jumanne. Naomba kura ipigwe leo kabla ya chai, na wale wawili wa kwenda nyumbani kwa Mama wachaguliwe yeye mwenyewe akiwa bado hapa.